Kuanza methadoni bila kulazwa: cha kuandaa, hatua za kufuata, na nani analipa nini

Maswali kuhusu methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, ni yale yale kila wiki. Methadoni inauzwa bei gani? Mgonjwa analazwa siku ngapi? Akiwa na bima je? Nikimleta leo, ataacha lini? Anayeuliza mara nyingi ni mama au dada wa kijana, na huuliza kwa sauti ya chini kama mtu anayefuatwa na mdai. Basi haya hapa, yote kwa pamoja.

Mwongozo huu ni wa Tanzania, zaidi Dar es Salaam, na unamhusu anayetumia heroini, awe anajidunga, anavuta au anachanganya na bangi kwenye kokteli. "Wewe" humu ni mtumiaji mwenyewe. Kama ni ndugu, soma ukimfikiria mgonjwa wako. Pale ninaposema na familia nitawataja.

Nadharia ni fupi. Methadoni ni dawa ya maji, ya kunywa, inayofanya kazi mwilini kwa zaidi ya siku nzima. Inazuia arosto (mateso ya mwili unapokosa heroini) bila kukupandisha na kukushusha kama kete, yaani kipakiti cha heroini, kwa hiyo mtu anaweza kuamka, kuoga na kwenda kwenye shughuli zake. Muhimbili walianza kuitoa Februari 2011, Mwananyamala wakafuata 2012, Temeke 2014, na Kidongo Chekundu kule Zanzibar 2015. Sasa ipo pia Bagamoyo, Tanga, Dodoma, Mbeya na Mwanza. Hulazwi. Unakwenda asubuhi, unakunywa mbele ya mhudumu, unarudi nyumbani. Kesho tena. Jumapili tena. Sikukuu tena.

Na dawa ni bure. Narudia kwa sababu watu hawaamini: hulipii dozi, na atakayekuomba hela ili "akuingizie jina" anakula pesa yako. Kinachokula hela ni barabara ya kufika huko kila siku, na hapo ndipo wengi wanapoachia njiani.

Vya kuandaa kabla hujaanza

- Nauli ya mwezi mzima wa kwanza, ikiwa imeshajulikana inatoka wapi.
- Mtu mmoja wa kukusimamia: mama, kaka, mke, shangazi, hata jirani. Awe anapatikana kwa simu.
- Kitambulisho chochote ulichonacho. Kama vyote vilipotea kijiweni, nenda kwa mjumbe wako, akupeleke ofisi ya serikali ya mtaa wakuandikie barua ya utambulisho.
- Dawa zote unazotumia sasa, na kadi zako za kliniki nyingine: CTC (kliniki ya VVU), kifua kikuu, kifafa, magonjwa ya akili. Beba makopo yenyewe, usitegemee kukumbuka majina.
- Hesabu ya kweli ya unachotumia: kete ngapi kwa siku, unajidunga au unavuta, na kama unamezea Valium (vidonge vya kutuliza na kulaza) au unashushia na pombe.

Hiyo nauli tuipigie hesabu. Tuseme unakaa mbali na unapanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, kila gari shilingi 600. Ni 2,400 kwa siku, 72,000 kwa siku 30. Kwa familia inayouza vitumbua hiyo ni kodi ya chumba. Ndiyo maana nasema kaeni kikao cha familia kabla, si baada ya wiki mbili mgonjwa akiwa ameshaanza kutembea kwa mguu kutoka Mbagala. Wapo waliohamia kwa shangazi anayekaa karibu na kliniki kwa miezi ya mwanzo, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia bora kuliko zote, ilmradi shangazi aelezwe ukweli.

Familia, kosa moja msilifanye: msimpe nauli ya mwezi kwa mkupuo. Elfu sabini mkononi mwa mtu aliye wiki ya kwanza ni jaribu ambalo hajajiandaa nalo. Mpeni ya siku, au msimamizi amsindikize na alipe mwenyewe. Si dharau. Baada ya miezi kadhaa yeye mwenyewe ataomba kushika hela yake.

Hatua

1. Hakikisha kwanza tatizo ni heroini.
Methadoni hutibu uraibu wa heroini na jamaa zake (morfini, pethidini na kadhalika). Haimsaidii mlevi wa pombe, wala wa bangi, mirungi au Valium. Watu hawa nao wana matibabu, lakini mlango wao ni kliniki ya afya ya akili, sio dirisha la methadoni.

Onyo kubwa hapa. Mtu anayekunywa pombe kali kila siku, anayetetemeka mikono asubuhi mpaka apate glasi, asiachishwe ghafla nyumbani kwa kufungiwa chumbani. Arosto ya heroini inatesa lakini ni nadra kumuua mtu mwenye afya. Ya pombe inaweza kuleta degedege na kuchanganyikiwa, na inaua. Huyo mpelekeni hospitali. Vivyo hivyo kwa aliyezoea Valium kwa muda mrefu: hupunguzwa kidogo kidogo na daktari.

2. Ingia kupitia asasi.
Njia ya kawaida si kwenda moja kwa moja dirishani. Asasi za kiraia zinazofanya kazi na waraibu zina waelimisha rika wanaopita vijiweni. Wengi wao ni waliopitia huko huko. Wao ndio hukusajili na kukupa rufaa. Kama hujui asasi iliyo karibu nawe, piga namba 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Simu hiyo ni bure. Sema uko wilaya gani na kwamba unatafuta tiba. Watu huogopa kwamba ni namba ya kukamatisha. Hapohapo ndipo wanapoelekeza wanaotaka kutibiwa.

3. Hudhuria vikao vya maandalizi, vyote.
Asasi au kliniki itakupangia siku za kuja kuelezwa dawa inavyofanya kazi na masharti yake. Vijana wengi huona ni kupotezewa muda. Ukweli ni kwamba vikao hivi vinapima kitu kimoja: unaweza kufika mahali saa iliyopangwa, siku zinazofuatana? Tumia kipindi hiki kujaribu safari yenyewe. Panda yale magari, jua foleni inaanzia wapi, jua utatoka nyumbani saa ngapi.

4. Siku ya vipimo.
Utaulizwa historia yako, utapimwa mkojo, na utapimwa VVU, homa ya ini, kifua kikuu, na mimba kwa wanawake. Kukutwa na VVU au TB hakukunyimi methadoni. Usifiche dawa unazomeza. Rifampicin ya TB, efavirenz na nevirapine za VVU, na baadhi ya dawa za kifafa kama carbamazepine na phenytoin huimaliza methadoni mwilini haraka. Daktari akijua, anarekebisha dozi. Asipojua, utabaki na arosto ukilaumu kliniki kwamba inachanganya dawa na maji.

5. Dozi ya kwanza.
Njoo ukiwa na arosto kidogo: pua inachuruzika, miayo, vinyweleo vimesimama. Hilo linamwonyesha daktari kwamba heroini imeshuka. Ukija umelewa hupewi.

Dirishani ni hivi: unatoa namba yako, mfamasia anapima dawa kwenye kikombe kidogo, unakunywa mbele yake, unashushia na maji na unasema neno ili aone mdomo hauna kitu. Ukiona wanakuangalia mdomoni usikasirike. Ipo sababu: dozi ya mtu mzima aliyezoea ikitemwa ikafika kwa mtu asiyezoea, au kwa mtoto, inaua.

Dozi ya kwanza ni ndogo, kwa kawaida haizidi miligramu 30. Usitegemee kuondoka hapo ukiwa mzima kabisa. Nguvu yake hufika kileleni saa 2 mpaka 4 baadaye, na arosto inaweza kurudi usiku.

6. Wiki mbili za mwanzo.
Soma hatua hii mara mbili, na msimamizi wako naye asome.

Methadoni hujilimbikiza. Dozi ya leo inakuta mabaki ya jana, kwa hiyo miligramu zile zile huwa na nguvu zaidi siku ya tano kuliko siku ya kwanza. Ndiyo maana daktari anapandisha polepole, hata kama wewe unaona anakubania. Wengi hutulia wakifika kati ya miligramu 60 na 120, na kufika huko huchukua wiki kadhaa. Aliyepewa 40 asijilinganishe na jirani wa foleni anayekunywa 110. Miili haifanani, na kubwa si cheo.

Hatari iko hapa: umekunywa dozi asubuhi, jioni arosto inakuchokonoa, unaongeza kete moja "ya kulalia". Au Valium mbili. Au konyagi. Vyote hivi vinapunguza pumzi, na vikikutana na methadoni vinaweza kuisimamisha. Wauza unga na wauza vidonge wanajua saa za kliniki kuliko wewe; wanakaa njia ya kutokea. Ukishakunywa, ondoka. Usikae kupiga stori nje ya geti.

Mazungumzo ya dirishani huenda hivi:

"Kaka, jana umekunywa nini?"

"Hamna kitu, sista."

"Kaa pale kwenye benchi kwanza, nitakuita."

Hapo hujafukuzwa. Anakupima kama unasinzia. Mwambie kweli, hata kama dozi ya leo itapunguzwa au itasubiri. Kupoteza asubuhi moja ni nafuu.

Dalili za dozi kuzidi ambazo kila mtu wa nyumbani azijue: anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida, haamki ukimtikisa, pumzi chache na za mbali, midomo au kucha zinageuka rangi ya bluu, mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Mlaze ubavu, usimwache peke yake, tafuta gari hospitali sasa hivi. Akiacha kupumua, mpulizie pumzi mdomoni mkiwa njiani. Waambieni hospitali ametumia nini. Ipo dawa ya kuirudisha pumzi, inaitwa naloxone. Msimmwagie maji, msimpe maziwa, msimwache "alale iishe". Na kwa kuwa methadoni hukaa muda mrefu, hata akiamka lazima abaki chini ya uangalizi.

7. Tibu na kichwa.
Methadoni inazuia arosto. Haiondoi huzuni iliyokuwapo kabla ya unga. Mara nyingi heroini ikitoka ndipo yanajitokeza yaliyofunikwa: sonona, hofu, kukosa usingizi, kumbukumbu za kupigwa au kubakwa, kusikia sauti. Kliniki za methadoni huwa na wanasihi na maafisa ustawi wa jamii, na kubwa zinafanya kazi pamoja na idara za magonjwa ya akili. Omba miadi. Usisubiri uitwe.

Mambo mawili ya kusema waziwazi kwa mhudumu. La kwanza, kama una mawazo ya kujiua. Halikuharibii nafasi yako kliniki. La pili, kama umeshaandikiwa dawa za akili kwingine, kwa sababu baadhi yake, amitriptyline mojawapo, zikiwa pamoja na methadoni zinahitaji daktari kuangalia mapigo ya moyo na usingizi.

Familia ikitaka maombi au mganga, sina ugomvi nayo. Ila asikatishwe dozi ili "dawa zisigongane", na asifungwe kamba.

8. Lipia yale yasiyo ya bure, kwa mpangilio huu.
Methadoni bure, ARV bure, dawa za TB bure. Kinachoweza kuwa na bili ni kumwona daktari wa akili hospitalini, baadhi ya dawa za akili, vipimo vya ziada, na soba hausi.

Anza na bima. Kadi ya NHIF haihitajiki kwenye methadoni, lakini inasaidia kwenye kliniki ya akili. Kabla hujakaa foleni uliza mapokezi dawa uliyoandikiwa imo kwenye orodha yao. Mwenye bima ya kampuni binafsi asome mkataba sehemu ya yasiyolipiwa, maana baadhi huondoa uraibu na majeraha ya kujidhuru. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023 na utaratibu wa vifurushi unabadilika, kwa hiyo bei aliyokwambia jirani mwaka juzi usiitegemee. Uliza ofisi ya NHIF ya mkoa.

Huna bima wala hela? Usiondoke hospitali kimya. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii iko wapi, na uende kabla bili haijatolewa, sio baada. Sera ya afya ina msamaha kwa makundi kama wajawazito, watoto chini ya miaka 5 na wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza, na yapo magonjwa ya muda mrefu yanayoingia. Uliza kama lako limo. Wasio kwenye makundi hayo lakini hawana uwezo huombewa msamaha kwa kufanyiwa tathmini. Beba barua ya mtendaji inayosema hali yako. Barua inayosema tu "ni mkazi wangu" haitoshi. Iseme huna kipato na huna wa kukulipia. Nimeona watu wakirudishwa kwa sababu ya sentensi hiyo moja kukosekana.

Soba hausi ni habari nyingine. Hizo ni nyumba za kukaa, nyingi ni za watu binafsi au asasi, na hutoza kwa mwezi. Si lazima upitie huko ndipo uanze methadoni. Ukiamua kwenda, uliza kabla ya kulipa: mmesajiliwa? Mnakubali anayetumia methadoni? Akiugua usiku anapelekwa wapi? Familia inaweza kumwona? Pesa inarudishwa akiondoka? Nyumba inayofunga watu minyororo au kupiga, mtoeni mtu wenu siku hiyo hiyo.

9. Kaa.
Swali la "ataacha lini" lina jibu lisilopendwa: si mwaka huu, huenda. Anayekatishwa mapema kwa sababu familia imechoka nauli hurudi kwenye unga, na sasa mwili wake umesahau kete za zamani. Kiasi alichokuwa anakimudu zamani ndicho kinachomuua. Kupunguza dozi hufanywa na daktari, kidogo kidogo kwa miezi mingi, mtu akiwa na kazi, mahali pa kulala na watu wasiotumia.

Mambo yakikwama

*Nimekosa siku mbili.* Rudi kesho, sema kweli. Ukikosa siku 3 au zaidi mfululizo hutapewa dozi yako ya zamani mpaka daktari akuone. Itashushwa, na ukikosa siku nyingi zaidi utaanza upya kama mgeni. Hiyo ni kwa usalama wako. Usijifidie kwa kete.

*Choo hakitoki.* Kawaida kabisa. Maji mengi, mboga za majani, papai, kutembea. Ikipita siku nne au tumbo likajaa, mwambie nesi.

*Dozi ilikuwa inanitosha, ghafla arosto imerudi.* Jiulize: nimeanza dawa gani mpya? Mara nyingi ni dawa za TB. Kliniki zote mbili zijulishwe. Usiache dawa za TB.

*Nina mimba.* Usikatishe methadoni. Arosto ya ghafla inaweza kuharibu mimba. Hedhi hurejea na uwezo wa kushika mimba hurejea pamoja nayo wanawake wakitulia kwenye dawa, kwa hiyo uzazi wa mpango uuongelee mapema. Jifungulie hospitali na uwaambie wahudumu, maana mtoto anaweza kuzaliwa na arosto, nayo hutibika. Kunyonyesha kwa kawaida kunaruhusiwa.

*Nimetapika baada ya kunywa.* Kama ni hapo hapo mbele ya mhudumu, mwambie aamue. Kama ni nyumbani, usitafute cha kufidia. Toa taarifa asubuhi.

*Mwajiri haelewi.* Huna haja ya kumweleza kila kitu. Afisa ustawi wa jamii anaweza kukuandikia barua kwamba unahudhuria kliniki kila asubuhi, bila kutaja ugonjwa. Omba zamu inayoanza saa nne.

*Nimekamatwa au nimelazwa kwingine.* Sema mapema kwamba uko kwenye methadoni na taja kliniki yako. Msimamizi wako aende kliniki na kadi. Ndiyo maana kadi ikae nyumbani mahali anapopajua.

*Kuna msiba mkoani.* Kabla ya kukata tiketi, pita kliniki. Kama unakoenda kuna kliniki ya methadoni, wanakuandikia barua ya kunywea kule. Kama hakuna, daktari ndiye atakayekwambia kinachowezekana. Wakati mwingine jibu ni kwenda kuzika na kurudi kwa basi la usiku, na mwingine wa familia akabaki kwenye arobaini.